Mwenyeji na Mgeni: Kemia ya Kutambua na Kuvunja Sumu

(Maelezo yaliyotolewa katika semina ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi, Tabora. Yanachapishwa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo jina lake ni refu: kemia ya supramolekuli, na namna inavyotumika kuzitambua sumu kali na kuzivunja. Naomba jina hilo lisimtishe mtu. Kila katibu aliyeketi hapa anashika ufunguo wa ghala, na katika ghala hilo, kila unapofika msimu wa tumbaku au wa pamba, mnaweza kuwamo chupa ambazo ni ndugu wa damu wa sumu zilizotengenezwa kwa ajili ya vita. Kwa hiyo habari hii yamhusu mwenye ufunguo kabla ya kumhusu profesa.

Naanza na udugu huo, kwa sababu wengi hawaujui.

Mwaka 1936 mkemia Mjerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa mpya ya kuulia wadudu waharibifu wa mazao. Alichopata ni tabuni, kitu chenye ukali ambao mwenyewe hakuutazamia. Mwaka 1938 yeye na wenzake wakapata sarini, iliyo kali zaidi. Jeshi la nchi yake likazichukua zote mbili. Kutoka katika kazi hiyo hiyo ya Schrader ilitokea parathioni, dawa ya shambani iliyoenea duniani baada ya vita. Tena njia haikwenda upande mmoja tu: katika miaka ya 1950 dawa ya wadudu iliyoitwa amitoni, iliyotoka Uingereza, ilionekana ni ya hatari mno kwa wakulima, na kutokana nayo wanajeshi wakafikia sumu iitwayo VX. Sarini ndiyo iliyotumiwa na kikundi kimoja cha dini katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo tarehe 20 Machi 1995. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa kupiga marufuku silaha za kemikali mwaka 1998. Mkataba huo unazikataza sumu za vita. Binamu zao wa shambani wanaendelea kuuzwa madukani kwa kibali.

Kundi hili lote huitwa oganofosfeti, na hudhuru kwa njia moja. Mwili unapotaka msuli ukaze, mshipa wa fahamu hutoa kitu kiitwacho asetilkolini. Kikishafikisha amri yake, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi hukikata mara moja ili msuli upate kupumzika. Sumu ya oganofosfeti hukiziba kimeng'enya hicho kinywa. Amri ikawa haina wa kuikomesha: mate hutiririka, machozi hutoka, mboni za macho husinyaa, tumbo husokota, kifua hubana, misuli hutetemeka, na mwisho mtu hushindwa kuvuta pumzi. Kati ya sarini na chupa ya dukani, tofauti ni ya ukali na ya kasi, wala si ya namna ya kuua.

Sisemi haya ili kuwatisha bure. Mwaka 2007 Dkt. Aiwerasia Ngowi na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa wakulima wadogo wa mbogamboga kaskazini mwa Tanzania. Yapata theluthi mbili ya wakulima hao walieleza kwamba waliwahi kujisikia wagonjwa baada ya kunyunyizia dawa kwa kawaida yao, yaani bila ajali yoyote: kichwa kuuma, kizunguzungu, ngozi kuwasha. Huku kwetu dalili kama hizo mara nyingi husingiziwa jua, au malaria, na kwa mvunaji wa tumbaku huchanganyika pia na ugonjwa utokanao na nikotini ipenyayo ngozini kutoka katika majani mabichi yenye umande.

MWENYEJI NA MGENI

Sasa niingie katika kemia yenyewe. Katika kemia tuliyosoma shuleni, atomu hufungamana kwa vifungo vigumu, mfano wa mbao zilizopigiliwa misumari. Kemia ya supramolekuli hushughulikia jambo jingine: molekuli nzima kuikaribisha molekuli nyingine nzima, moja ikakaa ndani ya nyingine bila msumari wowote, kwa kuvutana tu, na ikiwezekana kuachana baadaye. Wanakemia wenyewe huiita ile kubwa mwenyeji na ile ndogo mgeni.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1894 Emil Fischer wa Ujerumani alifananisha kimeng'enya na kile kinachokatwa nacho na kufuli na ufunguo wake. Mwaka 1967 Charles Pedersen, mzaliwa wa Busan katika Korea aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitangaza molekuli za mviringo, mfano wa taji, ambazo zilishika chembe za chumvi za aina fulani na kuziacha nyingine zipite. Jean-Marie Lehn wa Ufaransa na Donald Cram wa Marekani waliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1987 wote watatu walitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia.

Watu wa Tabora hawahitaji kufundishwa maana ya mwenyeji na mgeni. Mji huu, ambao wasafiri waliuita Kaze, pamoja na Unyanyembe yote, uliishi kwa kupokea misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo ikielekea Ujiji, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857 walikuta ujuzi mmoja ambao kila kiongozi wa msafara alilazimika kuwa nao, nao ni ujuzi wa shanga. Kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Ule mwekundu uliopendwa mahali pamoja uliweza kukataliwa safari ya siku chache mbele, na msafara wenye mizigo tele ya shanga zisizotakiwa uliweza kulala njaa katikati ya vijiji vyenye chakula. Mwenyeji wa kemia ni mchaguzi vivyo hivyo. Hampokei mgeni kwa sababu ni sumu. Humpokea kwa sababu ya umbo lake, ukubwa wake, na tabia yake ya kupenda maji au kuyakataa. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa maana nitalitumia nitakapofika kwa wachuuzi.

Mwenyeji aliye karibu nasi zaidi ni siklodekstrini. Hutengenezwa kwa wanga, uwe wa mahindi, wa viazi au wa muhogo, kwa msaada wa kimeng'enya kitokacho katika bakteria. Mfaransa Villiers aliiona mara ya kwanza mwaka 1891. Ni pete ya sukari sita, saba au nane zilizoshikana, na umbo lake ni kama kinu kilichotoboka kitako. Nje ya kinu hicho hupenda maji, kwa hiyo huyeyuka; ndani hukataa maji, kwa hiyo kitu chenye asili ya mafuta hujiona kipo nyumbani kikiingia humo. Dawa nyingi za wadudu zina asili hiyo. Haina madhara makubwa kwa mlaji, na viwanda vya vyakula na vya dawa huitumia. Tena hospitalini imekwisha kuthibitisha kazi yake ndani ya damu ya binadamu: tangu mwaka 2008 Ulaya imeruhusu dawa ya sugamadeksi, ambayo ni siklodekstrini ya sukari nane iliyorekebishwa, ili kukamata dawa ya kulegeza misuli baada ya upasuaji. Mgonjwa hudungwa sindano, kinu humeza ile dawa, na misuli huamka baada ya dakika chache.

Yupo mwenyeji mwingine ambaye jina lake litawachekesha. Anaitwa kukurbiturili, kutokana na neno la Kilatini la jamii ya maboga, kwa sababu umbo lake ni la boga lililokatwa juu na chini. Huyu humshika kwa nguvu sana mgeni aitwaye parakwati, dawa ya kuulia magugu ambayo nchi nyingi zimeipiga marufuku na ambayo haina kiuasumu hadi leo. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba katika majaribio ya wanyama wa maabara boga hilo lilipunguza madhara ya parakwati. Majaribio ya panya si tiba ya binadamu, lakini kwa sumu ambayo waganga huitazama mikono mitupu, hilo si jambo dogo.

KUTAMBUA

Mwenyeji hutambuaje sumu kwa niaba yetu? Njia mojawapo ni hii. Kwanza hupewa mgeni wa bandia, yaani rangi inayong'aa. Rangi ikiwa ndani ya mwenyeji huwa na mng'ao wa namna moja; ikiwa nje, wa namna nyingine. Sumu inayopendwa zaidi na mwenyeji ikifika, humfukuza yule wa kwanza na kukaa mahali pake, na mng'ao hubadilika machoni pa mtazamaji. Njia nyingine ni pale sumu yenyewe inapong'aa. Aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, hung'aa ikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, na katika maabara huongezwa siklodekstrini ili mng'ao huo uzidi na kiasi kidogo kipate kuonekana.

KUVUNJA

Kutambua ni nusu ya kazi. Molekuli ya oganofosfeti ina mahali pake dhaifu, penye fosforasi, ambapo maji huweza kuivunja. Ila maji matupu huchukua muda mrefu. Wanakemia hupachika kwenye mdomo wa kinu kikundi cha atomu kinachoshambulia mahali hapo. Kinu humvuta mgeni ndani, humweka mahali panapofaa, na kile kikundi hufanya kazi yake. Ikiwa vipande hutoka na kinu kubaki kitupu, mgeni wa pili huingia, na wa tatu, hata mwenyeji mmoja akavunja wengi. Wakemia wa Ufaransa wamefanya kazi ya miaka mingi kwa siklodekstrini za namna hii dhidi ya paraoksoni na hata dhidi ya sumu za kijeshi.

Wapo pia jamaa wa karibu wa wenyeji hawa, yaani vizimba vya metali na kaboni, ambavyo viliwapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Nishani ya Nobel mwaka 2025. Baadhi yake hujengwa kwa zirkoni. Vina vyumba vingi hivi kwamba kuta zote za gramu moja, zingetandazwa, zingeweza kufunika yapata nusu ekari. Katika maabara vizimba vya zirkoni vimevunja nusu ya sumu iliyowekwa mbele yao kwa dakika chache.

Lakini sumu gani? Hapa ndipo nawaomba makatibu wasikilize kwa makini. Maabara nyingi haziruhusiwi kugusa sarini, kwa hiyo hutumia badala yake jamaa aliye mpole kidogo. Anayetumika mara nyingi ni paraoksoni ya methili, na huyo ni zao la parathioni ya methili, dawa iliyonyunyiziwa mashambani kwa miaka mingi. Inapovunjika hutoa rangi ya manjano, na kwa kupima manjano hayo mkemia hujua kazi imefika wapi. Basi kile ambacho maabara za ulinzi hukiona kuwa mfano mzuri wa silaha, mkulima alikibeba mgongoni katika bomba la kunyunyizia, mara nyingi bila glavu. Sijapata kuona hoja inayozidi hiyo kueleza kwa nini elimu hii ifike katika vyama vya msingi badala ya kubaki katika majeshi.

Nisiwapambie. Nyingi za kazi hizi bado zimo katika chupa za maabara. Vizimba vya zirkoni hufanya kazi vizuri zaidi katika maji yaliyotiwa kemikali ya kuyapa nguvu ya magadi, na katika vumbi la ghala havijiwezi hivyo. Vipande vya sumu iliyovunjika pengine hukataa kutoka, na mwenyeji akazibwa. Tena oganofosfeti nyingi za dukani zina salfa mahali ambapo paraoksoni ina oksijeni, nazo ni sugu zaidi kuvunjika. Ini la mwanadamu ndilo huzigeuza kuwa kali baada ya kuingia mwilini.

JUU YA MAGADI NA WACHUUZI

Najua wapo wanachama watakaosema: ikiwa nguvu ya magadi husaidia kuvunja, basi tumwagie dawa iliyokwisha muda magadi au majivu, mambo yaishe. Nakataza. Ni kweli kwamba oganofosfeti nyingi hudhoofika katika magadi. Lakini ipo dawa iitwayo triklofoni, ambayo ikikutana na magadi hugeuka kuwa diklovosi, na diklovosi ni kali kuliko ile ya kwanza. Mtu asiyejua kilichomo chupani atajuaje kwamba anavunja sumu wala hainoi? Halikadhalika kwa dawa za klorini kama DDT, ambazo wavunjaji wa fosforasi hawaziwezi kabisa. Katika shamba la Vikuge, mkoa wa Pwani, shehena kubwa ya dawa chakavu iliyoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986 iliachwa ikaharibika, na wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliopima udongo wa hapo miaka mingi baadaye walizikuta DDT na jamaa zake zingali zimo ardhini. Kwa udongo wa namna hiyo siklodekstrini imejaribiwa katika nchi nyingine ili kuosha na kutoa sumu, si kuivunja.

Kuhusu wachuuzi: akija mtu ofisini na unga au maji anayodai huondoa kila sumu, katibu amwulize, unapokea ushanga gani? Mwenyeji wa kweli ana mgeni wake. Asemaye anapokea wote hana hata mmoja. Akija na karatasi za kupimia, aulizwe mambo matatu: hupima sumu ipi kwa jina, kiasi gani cha chini kabisa huonekana, na karatasi huonyesha nini pale ambapo sumu haipo. Asipojibu, fedha za wanachama zibaki katika sanduku. Ushauri wa kuaminika utafutwe katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI.

GHALANI

Nimepata kuona katika ghala moja, ambalo sitalitaja, chupa ya soda iliyojaa kitu cheupe kama maziwa, haina lebo, imewekwa juu ya gunia la mahindi. Katibu alijua tu kwamba ililetwa na mzee mmoja baada ya msimu. Hakuna mwenyeji wa kemia atakayeisaidia chupa ile kwa haraka, kwa sababu hata mpimaji hodari huhitaji kuambiwa aanzie wapi. Lebo ikipotea, maarifa yote niliyoyaeleza huanza upya.

Kwa hiyo dawa isihamishwe kamwe kutoka chombo chake. Isikae chumba kimoja na chakula, mbegu wala asali. Wafugaji wetu wa nyuki, ambao asali yao ya miombo inajulikana mbali, wana kila haki ya kudai hili katika kila chama wanachoshirikiana nacho na wakulima. Chombo kitupu kisuuzwe mara tatu, maji yake yarudishwe katika bomba la kunyunyizia, kisha kitobolewe, ili asije mtu akakiona kuwa kidumu kizuri cha maji au cha mafuta ya kula.

Mtu akipatwa na dalili nilizozitaja, avuliwe nguo zote zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali mara moja pamoja na lebo ya dawa. Anayemsaidia naye akinge mikono yake. Maziwa hayaiondoi sumu hii, wala asilazimishwe kutapika. Hospitali ina atropini, na mganga akijua jina la sumu hapotezi muda.

Jambo la mwisho ni ombi. Kila katibu arudipo kwake aorodheshe dawa zote zilizo ghalani, si kwa jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa, bali kwa jina la kiambato chake lililoandikwa kwa herufi ndogo chini yake, pamoja na kiasi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Zisizo na lebo ziandikwe peke yake, zitengwe, zisifunguliwe. Orodha hizo ziletwe katika chama kikuu, nasi tutaziwasilisha Arusha kwa pamoja, kwa kuwa chama kimoja chenye chupa tano hakitatumiwa gari, lakini vyama vyote vya mkoa vikiwa na orodha moja vitasikilizwa.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kujibu maswali.